Eda ya Mwalimu Kondo

Sogeeni, sogeeni, mkeka unatosha. Mwenye miguu mirefu aikunje. Haya yalitokea katika nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa uoga. Jina la zamani limeshapigwa marufuku, na jipya liko mezani kwa mkubwa linangoja muhuri. Nchi nzuri sana. Ina Chama. Vyama vingine navyo vipo, asiwadanganye mtu: vimo kwenye kabati la Msajili, rafu ya chini, na kila Jumatatu vinapanguswa vumbi.

Mwaka ule Chama kilitafuta mgombea wa ubunge katika jimbo letu la Chumvini, na wakajitokeza wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Kondo Mshindo, aliyeifundisha nusu ya mtaa kusoma, na nusu nyingine akaichapa bakora ikakataa. Mwalimu alikuwa na ahadi moja tu: chumba cha kujifungulia pale zahanati. Kwa maana zahanati yetu imekamilika, ina bango, ina bendera, ina saa ya ukutani. Ila mama akishikwa uchungu anapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali ya wilaya, maili kumi na nane za mashimo. Mwanamvua, binti wa Bi Zaituni, alipakiwa mwaka juzi. Walikwenda wawili, wa tumboni na mwenye tumbo, akarudi mwenye tumbo peke yake. Sasa alikuwa na mimba nyingine, mwezi wa nane unaanza, na kila bajaji ikipiga honi barabarani anashikilia ukuta.

Wa pili alikuwa Mheshimiwa Tabasamu Lukindo, ambaye ni Mheshimiwa tangu utotoni. Inasemekana mama yake alimwita hivyo akimlisha uji. Yeye alikitaka kiwanja cha zahanati ajenge ukumbi wa harusi. Alipoulizwa habari za wajawazito, alijibu jukwaani, kipaza sauti mkononi: "Bibi zenu walizaa mkekani. Na leo si mpo hapa, mnanipigia kelele?"

Sisi tukawa wa Mwalimu, na kambi ikawa uani kwa Bi Zaituni. Uani kwa Bi Zaituni hapajawahi kuwa patupu tangu nimjue. Ukikosa pa kukaa utakaa juu ya kinu. Na yeye mwenyewe hakuwa mtu mdogo. Katika nchi hiyo vigelegele ni jambo la serikali: mkutano wa hadhara usiofikisha vigelegele vya digrii sabini ni batili, na ipo mashine ya kupimia. Bi Zaituni peke yake, bila kukohoa, alikuwa anatoa hamsini.

Siku ya kura za maoni tuliambiwa tujipange mistari, kila mtu nyuma ya picha ya mtu wake. Mstari wa Mheshimiwa uliishia kwenye kivuli cha duka la mkaa. Wa Mwalimu ulikata kona mapema kwa kinyozi Shebe, ukapita msikiti, ukazunguka soko, mkia wake ukaja kukaa karibu na kichwa. Tukajua tumeshinda. Tukaanza kutaniana.

Ndipo msimamizi akatangaza kanuni. Mstari, kwa tafsiri ya Chama, ni kitu kilichonyooka. Aliyepita kona haonekani, na asiyeonekana hayupo. Wa Mwalimu wakahesabiwa hadi kona: arobaini na mmoja. Wa Mheshimiwa sitini na watatu.

"Mimi niko hapa!" Shebe alipiga kelele toka upande wa pili wa nyumba yake.

"Nani anasema?" msimamizi akauliza, akiutazama ukuta.

Jioni ile tulikwenda kwa Mwalimu kumpa pole tukakuta amechukuliwa semina. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Simu haipatikani. Mkewe naye kapelekwa semina ya wake. Ndipo likaja tangazo la Idara ya Kuvunja Makundi: waliokuwa wafuasi wa Kondo Mshindo wanaagizwa kufika ofisini wakiwa na fulana zao za zamani, wakabidhiwe za Mheshimiwa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi wamfungulie kampeni kwa vigelegele visivyopungua digrii sabini.

Uani palichemka siku hiyo. Huyu anasema tusiende, huyu anasema tutafutiwa tawi, mwingine anasema yeye fulana yake keshaifanya tambara la jikoni. Bi Zaituni alikuwa anachoma vitumbua. Akageuza kimoja, akasema polepole:

"Mtu wenu haonekani wiki ya tatu. Simu yake haiiti. Mnamwita nani?"

"Marehemu!" akadakia Shebe, kwa mzaha.

"Basi," Bi Zaituni akasema. "Mwanamke aliyefiwa anaolewa kesho yake?"

 Halafu uwanja mzima ukaangua kicheko, maana tulishaona anakoelekea. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi! Uchaguzi ulikuwa umebaki miezi mitatu na ushei. Kesho yake thelathini na mmoja tulivaa nyeupe, hatukujipaka mafuta, hatukutoka nje bila dharura, na kigelegele hakikutoka kinywani mwa mtu. Wanaume waliokuwemo kati yetu nao wakakaa eda. Shebe akafunga kibanda, akasema mfiwa hashiki wembe. Sheikh wa mtaa alipoulizwa alicheka hadi kilemba kikamponyoka. "Hiyo ni ya wake, si ya wapiga kura," akasema. "Mimi msiniingize." Tukamheshimu, hatukumwingiza.

Mwanamvua peke yake hakucheka. Alimuuliza mama yake, mkono kiunoni: "Mama, na hicho chumba?"

"Ndicho tunachokikalia eda, mwanangu," mama yake akamjibu. "Tukimpigia huyu kigelegele, kiwanja kimekwenda."

Barua yetu ya kuarifu kwamba tumekaa eda ilipofika makao makuu ya Chama, walifungua katiba, wakafungua kanuni, wakafungua na kabati la Msajili kwa bahati mbaya wakalifunga upesi. Hapakuwa na kifungu kinachokataza mwanachama kukaa eda. Akatumwa Komredi Hamduni Kipimo, Mkurugenzi wa Kuvunja Makundi, mtu wa tai mbili, ya kazi na ya akiba.

"Mama zangu wapendwa," akaanza, amesimama katikati ya uwanja na kitumbua mkononi, maana hakuna anayeingia pale akatoka mikono mitupu hata awe nani. "Chama kinawapa pole kwa msiba."

"Tumeshapoa," Bi Zaituni akasema.

"Hata hivyo Chama kina habari njema. Marehemu yu hai."

Akapiga makofi mawili, mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka Mwalimu Kondo.

Jamani. Kulikuwa na wenzetu walioinuka mbio wamkumbatie, wakasimama njiani kama waliofungwa breki. Mwalimu alikuwa amenenepa. Alikuwa amevaa fulana ya kijani yenye uso wa Mheshimiwa, na uso ule ulimkaa palepale tumboni, ukitabasamu kila alipovuta pumzi. Kifuani alikuwa na kitambulisho: Mshauri Maalumu wa Makundi Yaliyovunjika.

"Mwalimu," Bi Zaituni akamwita, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. "Ni wewe?"

"Ndimi," akasema, akiangalia kinu. "Ndugu zangu, nimekubali matokeo. Umoja ni kitu kikubwa kuliko mtu mmoja. Vunjeni kundi."

"Na chumba?"

"Umoja kwanza, Zaituni."

Hata 'Bi' hakusema.

"Kwa hiyo mnaona," akaingia Komredi Kipimo, "mume yu hai, eda haipo. Na ili kuondoa shaka yoyote, Mwalimu atawapa talaka." Akamsukumia karatasi. Na Mwalimu wetu, mtu tuliyemzungushia soko zima kwa miguu yetu, akavaa miwani akasoma: "Mimi, Kondo Mshindo, kwa hiari yangu, nimewaacha wafuasi wangu wote wa Chumvini, wake kwa waume." Shebe akafunika uso.

 Ndipo bibi mmoja mkongwe, nyuma kabisa, akasema: "Talaka nayo si ina eda yake? Miezi mitatu!" Tukafufuka. Hata miezi mitatu ilitosha kuharibu kampeni yote.

Lakini Komredi Kipimo alikuwa ameshakesha na vitabu. Akatoa karatasi ya pili. "Kwa kuwa Mwalimu Kondo hakuwahi kuingia bungeni," akasoma, "ndoa yenu haikukamilika. Bwana harusi aliyeacha kabla ya kuingia, mkewe hana eda hata ya siku moja. Mko huru tangu sasa hivi."

"Aliyeachwa kabla ya kuingiwa ana nusu ya mahari!" Bi Zaituni akamkata. "Aliahidi chumba. Tupeni nusu yetu."

Mnadhani alishtuka? Akafungua mkoba, akatukabidhi nusu ya ahadi. Ahadi yenyewe ilikuwa na kurasa mbili, akatupa ukurasa wa kwanza. Ulikuwa na salamu, shukrani kwa viongozi kumi na wanne, na picha ya bendera. Chumba kilikuwa kwenye ukurasa wa pili.

Walipoondoka tulikula kiapo. Kuanzia siku ile, mbele ya mtu yeyote wa Chama, hakuna wa kufungua mdomo. Asiyesema hakuna atakachoandikiwa. Tuone hiyo mashine yao itapima nini.

Wiki ya Jumamosi yenyewe, gazeti la Chama likatoka na tangazo rasmi: kwa kuwa ndoa yao ya awali haikukamilika, wanachama thelathini na mmoja wa Chumvini, majina yamo ndani, wanatambuliwa kisheria kuwa ni wanawali. Bi Zaituni, mwenye wajukuu saba, alikuwa namba moja. Ya Rabi, tulivyocheka siku ile! Watu walitoka mitaa ya jirani kuja kumtazama mwali. Wengine walimletea liwa ya kujipaka na wanja. Shebe, naye mwali namba kumi na tisa, aliuliza atachezewa ngoma lini. Bi Zaituni mwenyewe alicheka hadi kanga ikalowa machozi, akasema, "Acha waandike, karatasi ni yao." Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza tangazo lile limeandikwa la nini. Wanawake watu wazima, tumeozesha mabinti, tumekaa nyuma ya mapazia tukisikiliza mwali anavyoulizwa, na hatukujiuliza. Nyumba imejaa, utani umekolea, nani afikiri?

Jumamosi ikafika. Tulifuatwa majumbani na magari, tukaketishwa safu ya mbele uwanja wa shule, Mwanamvua kati yetu, maana jina lake lilikuwa namba nne na aliyetajwa haruhusiwi kuumwa. Mheshimiwa alivaa suti nyeupe. Mwalimu Kondo alikaa kushoto kwake, akimshikia glasi ya maji.

Komredi Kipimo akasimama na kitabu cha kumbukumbu.

"Wanawali wa Chumvini! Mmeridhia Mheshimiwa Tabasamu Lukindo awe mgombea wenu?"

Kimya. Tulibana midomo hadi ikauma.

"Nauliza mara ya pili. Mmeridhia?"

Kimya. Nilimwona Bi Zaituni anainua kidevu. Nami nikainua changu. Tulijiona mashujaa.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Mmeridhia?"

Hata mtoto hakulia. Komredi Kipimo akatabasamu, akageuza ukurasa.

"Mwali hasemi. Mwali anaona haya. Sote tumelelewa hapa, na tunajua tangu kwa babu zetu kwamba kimya cha mwali ndiyo idhini yake. Wanawali wameridhia mara tatu! Aliyeteuliwa kuwa walii wao wa kuwaozesha, aliyewalea na kuwasomesha, ni Mwalimu Kondo Mshindo. Walii, unasemaje?"

 Nikasikia mwenzangu wa kulia anasema "Uwi!" ndani kwa ndani. Mwalimu akainuka. Akatutazama mara moja tu, safu nzima, kama siku zile anapoita majina darasani. Nilisema moyoni: sasa. Sasa ndipo atakapotuonyesha kwamba fulana ni fulana tu.

"Nimewaoza," akasema.

Bi Zaituni alikuwa keshasimama. Mkono juu, kifua kimejaa, neno liko kwenye meno. Kabla halijatoka, ukatoka ukelele mwingine pembeni yake, mrefu, mwembamba, wa kupasua mbingu. Mwanamvua alikuwa ameinama, ameng'ang'ania benchi, na maji yanashuka miguuni mwake.

"Digrii sabini na mbili!" mwenye mashine ya kupimia akapaza sauti. "Mkutano ni halali!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Bi Zaituni alikitazama kipaza sauti, akamtazama mwanawe. Neno lake akalimeza.

Bajaji zote siku hiyo zilikuwa zimekodiwa kwa maandamano, zimefungwa bendera. Magari yaliyotuleta yalishaondoka. Lililokuwa karibu lilikuwa moja tu, jipya, lenye maandishi ya Mshauri Maalumu. Bi Zaituni akamwendea Mwalimu mbio.

"Mwalimu, gari. Mwanamvua huyo."

Mwalimu alimjua Mwanamvua. Alimfundisha a, e, i, o, u. Akaingiza mkono mfukoni, ufunguo ukalia, nasi tukapumua. Halafu mkono ukasimama humohumo mfukoni. Akageuka kwa Mheshimiwa.

"Samahani, Mheshimiwa. Sijui kama naweza…"

"Baada ya wimbo," Mheshimiwa akasema, akipunga watu.

Wimbo wa Chama una beti tisa, na kiitikio ni kirefu kuliko ubeti. Walipofika ubeti wa tano tulishamng'oa Mwalimu ufunguo, Shebe akashika usukani, tukampakia Mwanamvua, tukafika getini. Pale geti likawa limezibwa na maandamano ya ushindi. Honi tulizopiga zikaitikiwa kwa honi, walidhani tunashangilia. Basi ikawa palepale. Kanga zetu zikawa pazia, mikono ya Bi Zaituni ikawa mkunga, na kiti cha nyuma cha Mshauri Maalumu kikawa kitanda. Mtoto wa kike. Alichelewa kulia, akachelewa, akachelewa, wimbo ukaisha, ndipo akalia. Mama yake naye alipona, kwa rehema tu ya Mola. Asije mtu mwingine akaidai.

Lakini alikuja mwingine kuidai. Jumatatu gazeti la Chama liliandika kwamba ahadi ya chumba cha kujifungulia Chumvini imetekelezwa kabla hata ya uchaguzi. Chumba hicho ni cha kisasa, kina magurudumu manne, na kimeshahudumia mzazi wa kwanza kwa mafanikio. Kwa kuwa chumba kimepatikana, kiwanja cha zahanati hakina kazi tena na kitatumika kwa ukumbi. Chumba kitazinduliwa rasmi kwa kukatwa utepe, na kina mama wa Chumvini wataongoza vigelegele, kama ilivyo ridhaa yao.

Siku ya saba ya mtoto, alasiri, uani kwa Bi Zaituni palijaa kuliko nilivyowahi kupaona. Waliokosa mkeka walikaa kizingitini mwa jiko, waliokosa kizingiti walisimama. Mwanamvua amelala chumbani na mwanawe. Kelele, vicheko, nani kaleta nini, nani hakuja na kwa nini. Tukasikia nje: "Hodi!"

Sauti tuliijua. Kelele zikakatika.

"Hodi humu ndani," Mwalimu Kondo akarudia. "Nimekuja kumwona mtoto. Na nina ujumbe kidogo wa uzinduzi."

Hakuna aliyeitika. Kwetu sisi ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unageuza, unakwenda zako. Ndiyo heshima, hata mtoto anaijua.

"Hodi ya tatu, Bi Zaituni."

Alisema Bi. Wapo walioinama. Mimi niliutazama mlango, nikaona kivuli chake kinainama na chenyewe. Alikuwa anavua viatu.

"Basi," tukasikia anajisemea, kwa upole kabisa, "mmenyamaza. Naingia."

Bi Zaituni aliweka chini sinia.

"Hapana," akasema.

Mlango ukasukumwa nusu. "Zaituni, nisikilize. Nilifanya vile kuwaokoa, wangelifuta tawi zima. Na wewe unanijua…"

"Nilikuwa nakujua. Hapana."

"Hapana nini, sasa? Mtoto, au uzinduzi?"

"Hapana," akasema mwenzangu wa kulia.

"Hapana," akasema Shebe, na sauti yake ikatetemeka, maana Mwalimu ndiye aliyemwozesha kweli, kwa mke wa kweli.

"Hapana," nikasema na mimi.

Likapita kwenye mkeka, likapita jikoni, likafika kwa waliosimama, kila mtu na sauti yake, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Kutoka chumbani Mwanamvua naye alilisema, taratibu, asimwamshe mtoto. Likafika mwisho, likaanza tena mwanzo. Na Mwalimu Kondo alikuwa palepale mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akingoja mmoja wetu anyamaze.